Utando Unaoamua: Usafirishaji wa Virutubisho Ndani ya Vinundu vya Mikunde



Vitabu vyetu vya shule humaliza habari ya mikunde kwa maneno machache. Mizizi ya maharage, kunde au mbaazi huota vinundu. Ndani ya vinundu huishi bakteria wanaoifunga naitrojeni ya hewani, yaani kuigeuza kuwa amonia. Mmea nao huwapa bakteria hao sukari. Maelezo hayo yanaruka jambo ambalo pasipo hilo hakuna kinachofanyika. Bakteria na mmea hawagusani. Kati yao kuna utando, na kila kinachobadilishanwa, kuanzia kaboni hadi chembe chache za madini, sharti kivuke utando huo kupitia protini maalumu zinazopitisha hiki na kuzuia kile. Dai langu ni kwamba mkunde hupata naitrojeni kwa kadiri ya uvukaji huo, zaidi ya kadiri ya wingi wa bakteria au wingi wa vinundu. Tukilikubali dai hili, itatubidi tubadili namna tunavyopima na namna tunavyoshauri mashambani.

Tuanze na gharama, kwa kuwa ndiyo inayozipa protini hizi, nitakazoziita milango, uzito wake. Takriban asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini atomu zake mbili zimeshikana kwa kifungo cha mara tatu ambacho viumbe wengi hawawezi kukivunja. Fritz Haber alifaulu kukivunja maabara mwaka 1909 kwa joto kali na shinikizo kubwa, na mwaka 1913 Carl Bosch na wenzake wakaanza kutengeneza amonia kiwandani huko Oppau, Ujerumani. Bakteria wa mikunde hufanya kazi hiyo hiyo katika joto la kawaida la udongo kwa kimeng'enya kiitwacho naitrojenesi. Hawaifanyi bure. Kila molekuli moja ya naitrojeni inayovunjwa hula molekuli zisizopungua 16 za ATP, ambayo ndiyo nishati ya seli, pamoja na elektroni nane, na mbili kati ya hizo huishia kuunda gesi ya haidrojeni. Nishati yote hiyo asili yake ni usanisinuru wa majani. Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth walionyesha mwaka 1886 kwamba naitrojeni ya mikunde hutoka hewani kwa msaada wa vinundu, na mwaka 1888 Martinus Beijerinck wa Uholanzi akawatenga bakteria wenyewe. Tangu hapo hapakuwa na shaka kwamba biashara ipo. Kilichobaki, na kilichochukua karibu karne nzima, kilikuwa kujua bidhaa zinavukaje.

Kwanza tuutazame mpangilio wenyewe. Bakteria huingia mzizini kupitia mrija mwembamba ambao mmea ndio unaoujenga. Akifika ndani ya seli haachwi aelee huru. Mmea humfunika kwa utando wake wenyewe, na humo hubadilika umbo na tabia akawa bakteroidi. Kifurushi hicho, yaani bakteroidi pamoja na utando wa mmea uliomzunguka, huitwa simbiosomu, na seli moja ya kinundu inaweza kuwa na maelfu yake. Hivyo molekuli inayotoka kwenye mmea kwenda kwa bakteria huvuka utando wa mmea, kisha nafasi finyu, kisha tando mbili za bakteria mwenyewe. Hapa pana jambo la kushangaza. Bakteria hawa wanapoishi huru kwenye udongo, ambako chakula ni haba na cha kubahatisha, wana milango mingi mno. Jenomu ya Sinorhizobium meliloti, anayeishi na mmea wa lusina, ilisomwa yote mwaka 2001, na ilionekana kwamba sehemu kubwa sana ya jeni zake ni za usafirishaji tu. Akiingia kwenye kinundu, kiumbe huyu aliyejaaliwa milango mingi hufunga mingi kati ya hiyo na kubaki na michache. Uchaguzi wa ipi ifungwe na ipi ibaki wazi ndio moyo wa ushirika huu.

Mlango wa kwanza ni wa kaboni. Sukari itokayo kwenye majani hufika kinunduni ikiwa sukrosi, lakini haiishii kwa bakteria ikiwa hivyo. Mmea huivunja na kuifanya malati na jamaa zake, asidi zenye kaboni nne. Mwaka 1981 Clive Ronson na wenzake huko New Zealand walichapisha matokeo ambayo kwangu ni msingi wa taaluma hii nzima. Walitengeneza bakteria wa klova waliopoteza uwezo wa kuingiza asidi hizo za kaboni nne. Bakteria hao waliambukiza mizizi na vinundu vikaota, ila havikufunga naitrojeni. Bakteria wengine walioshindwa kutumia aina mbalimbali za sukari wamejaribiwa mara nyingi, na mara nyingi vinundu vyao vimefanya kazi vizuri. Miaka saba baadaye, mwaka 1988, Michael Udvardi, David Day na wenzao wa Canberra waliutenga utando wa mmea kutoka vinundu vya soya ukiwa bado mzima, wakaonyesha kwamba malati na sukinati huuvuka kwa urahisi kuliko sukari. Majaribio haya mawili, moja upande wa bakteria na moja upande wa mmea, yanakubaliana bila ya moja kulitegemea jingine. Naamini tungefaidika sana kama mwalimu wa sekondari angeacha kusema bakteria hulipwa sukari na badala yake aseme hulipwa malati, kwa kuwa tofauti hiyo inabeba maana: mmea hautoi pochi yake yote, hutoa kile ulichokwisha kukichakata wenyewe, kwa njia unayoweza kuipunguza au kuifunga.

Mlango wa pili ni wa naitrojeni yenyewe, na hapa mantiki inageuka. Bakteria aliye huru akiona njaa ya naitrojeni huwasha protini ya kunyonya amoniamu, iitwayo AmtB, na vimeng'enya vya kuigeuza kuwa asidi amino za mwili wake. Kama angeendelea na tabia hiyo ndani ya kinundu, angetengeneza amonia na kuila mwenyewe, mmea ukabaki mikono mitupu. Mwaka 1998 watafiti waliochunguza Rhizobium etli, bakteria anayeishi na maharage tunayokula kila siku, walionyesha kwamba jeni ya AmtB hunyamazishwa mara tu bakteria wanapotolewa kwenye mrija wa kuingilia, kabla hata jeni za naitrojenesi hazijaanza kufanya kazi. Mpangilio huo wa wakati una maana kubwa: mlango wa kurudisha amonia ndani hufungwa kwanza, ndipo uzalishaji unapoanza. Amonia inayotoka hukuta nafasi yenye asidi, kwa kuwa utando wa mmea husukuma protoni ndani ya simbiosomu. Humo amonia huwa amoniamu, ambayo ina chaji na haiwezi kurudi kirahisi kwa bakteria. Mwaka 1995 kundi la Stephen Tyerman, pamoja na Day, lilionyesha kwamba utando huo wa mmea una mfereji unaopitisha ioni za aina ya amoniamu kuelekea kwenye seli ya mmea. Huko kimeng'enya cha mmea huidaka papo hapo na kuifanya glutamini. Kila hatua ya njia hii imepangwa ili mzigo uende upande mmoja tu.

Sasa niguse habari ambayo naipenda kwa sababu inaonyesha namna sayansi inavyojisahihisha yenyewe. Mwaka 2003 kundi la Philip Poole nchini Uingereza lilichapisha utafiti kuhusu bakteria wa njegere waliokosa protini mbili za kusafirisha asidi amino. Njegere zilizopandwa na bakteria hao zilidhoofika kama zenye njaa ya naitrojeni, ingawa bakteroidi wao waliweza kufunga naitrojeni. Watafiti walipendekeza kwamba asidi amino huzunguka: mmea hutoa moja, bakteria hurudisha nyingine, na mzunguko huo ndio unaomzuia bakteria asibaki na naitrojeni yake. Mwaka 2009 kundi hilo hilo likaja na tafsiri iliyo makini zaidi. Kumbe bakteroidi, wakishaingia kinunduni, hupunguza sana utengenezaji wao wenyewe wa asidi amino tatu, yaani lusini, isolusini na valini, na huanza kutegemea zile zinazotolewa na mmea. Kiasi kinachohitajika si kikubwa. Lakini ukikata njia yake, bakteroidi hawakui wala hawadumu. Mmea basi haukupokea tu kiumbe anayejitegemea. Umempokea kiumbe anayegeuzwa kuwa mtegemezi katika jambo dogo lenye uzito wa uhai, na udhibiti wa jambo hilo dogo unatosha kuamua idadi na ukubwa wa bakteroidi wote. Ushahidi wa namna hii ni imara kuliko tafsiri moja, kwa kuwa tafsiri ya kwanza ilipohitaji kurekebishwa, dai la msingi kwamba usafirishaji wa asidi amino ni wa lazima halikutikisika. Lilizidi kupata nguvu.

Orodha ya vitu ambavyo mmea sharti uvitoe ni ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Kiini cha naitrojenesi kina chuma, salfa na molibdenamu, kikishikiliwa na asidi iitwayo homositrati. Bakteria wengi wanaofunga naitrojeni wakiwa huru, kama Azotobacter, hujitengenezea homositrati. Bakteria wengi wa mikunde hawana jeni ya kazi hiyo. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mmea wa Lotus japonicus ndio unaowapa bakteria wake homositrati: mmea uliopoteza jeni hiyo uliota vinundu visivyofanya kazi, na ukipewa homositrati kutoka nje, au ukipandwa na bakteria aliyewekewa jeni ya kuitengeneza, kazi ilirudi. Katika mmea huo huo, mwaka 2005, ilikuwa imekwisha kuonekana kwamba kukosekana kwa mlango mmoja wa salfati, uitwao SST1, ulio kwenye utando wa simbiosomu, kunatosha kuua kazi ya kinundu. Jeni ya bakteria ipo, kinundu kipo, jua linawaka, maji yapo, lakini salfa haivuki, na mmea unakufa njaa katikati ya hewa iliyojaa naitrojeni.

Molibdenamu inastahili kusemwa peke yake, kwa sababu imetoka maabara na kuingia shambani kwa njia ambayo sisi tunaweza kuifuata. Hermann Bortels aligundua mwaka 1930 kwamba Azotobacter huhitaji madini haya ili kufunga naitrojeni. Mwaka 1942 A. J. Anderson, akichunguza malisho ya klova yaliyodumaa huko Australia Kusini, aligundua kwamba tatizo lilikuwa upungufu wa molibdenamu, na kwamba kiasi kidogo mno, cha kupimwa kwa gramu kwa hekta nzima, kiliweza kuyarudishia uhai. Katika udongo wenye asidi molibdenamu hushikwa na oksidi za chuma, na mizizi huikosa hata kama imo. Mwaka 2017 watafiti walipata kwenye mmea wa Medicago truncatula mlango unaoingiza molibdenamu kwenye seli za kinundu, waliouita MOT1.3. Ukiharibiwa mlango huo, naitrojenesi hudhoofika pale molibdenamu inapokuwa haba, na hupona inapoongezwa kwa wingi. Hapa kuna picha kamili: udongo unatoa kidogo, utando unahitaji mlango wenye nguvu wa kuokota kidogo hicho, na mlango ukishindwa bakteria hodari kuliko wote hana la kufanya.

Hadi hapa nimezungumzia milango ya ndani. Ushahidi unaonishawishi zaidi ya wote unahusu njia ya kutoka kinunduni kwenda kwenye shina. Mikunde ya maeneo ya baridi, kama njegere na klova, hupeleka naitrojeni juu ikiwa zaidi asparajini. Soya, kunde na maharage, mazao yetu, huipeleka ikiwa katika molekuli ziitwazo ureidi, hasa alantoini na asidi alantoiki. Mwaka 2012 Mechthild Tegeder na mwenzake wa chuo kikuu cha jimbo la Washington, Marekani, walipunguza kazi ya mlango unaotoa ureidi kutoka vinundu vya soya. Ureidi ikarundikana kinunduni, na ufungaji wa naitrojeni ukapungua. Mwaka 2016 walifanya kinyume: wakachukua jeni ya mlango huo kutoka kwa maharage, wakaiweka kwenye soya na kuifanya ifanye kazi kwa nguvu zaidi kwenye tabaka za nje za kinundu. Ureidi ikatoka kwa kasi, ufungaji wa naitrojeni ukaongezeka, na mbegu zikaongezeka. Hawakugusa bakteria wala naitrojenesi. Bandari ikiwa na kreni chache za kupakua, meli nyingi zitakazoongezwa zitatia nanga tu baharini; ndivyo ilivyo kwa kinundu chenye mlango finyu wa kutokea, hata akiletwa bakteria mwenye kasi ya ajabu.

Kuna pingamizi tatu ambazo msikilizaji makini hawezi kuziacha. Ya kwanza husema ninatanguliza la pili kabla ya la kwanza. Pasipo mawasiliano ya ishara, ambapo mzizi hutoa flavonoidi na bakteria akajibu kwa molekuli ya kuamsha vinundu, hakuna kinundu, na pasipo kinundu hakuna milango ya kuzungumzia. Ni kweli, na utafiti wa ishara hizo, uliopata nguvu baada ya muundo wa molekuli hiyo ya bakteria kutambuliwa nchini Ufaransa mwaka 1990, ni miongoni mwa mafanikio makubwa ya biolojia ya mimea. Lakini ishara huamua kama ushirika utaanza. Haziamui utazaa nini. Mifano yote niliyoitoa, ya malati, salfati, homositrati na asidi amino, ni ya vinundu vilivyoota na vikashindwa kazi, au vikafanya kazi chini ya uwezo wake. Mtafiti anayehesabu vinundu na kuishia hapo amepima mwaliko, hajapima karamu. Mkulima mwenye uzoefu hupasua kinundu atazame kama ndani kuna wekundu, na rangi hiyo, inayotokana na protini ya legihemoglobini, humwambia mengi kuliko hesabu.

Pingamizi ya pili inatoka hapo hapo kwenye wekundu. Inasema mdhibiti mkuu si virutubisho bali oksijeni. Naitrojenesi huharibiwa na oksijeni, ilhali bakteroidi wanaihitaji ili wachome malati na kupata ATP. Legihemoglobini huipeleka kwa kiasi kidogo sana na kwa mtiririko wa kudumu. Mwaka 2003 Toby Kiers, Ford Denison na wenzao waliweka vinundu vya soya kwenye hewa ambayo naitrojeni yake ilibadilishwa kwa agoni, ili bakteria washindwe kufunga chochote. Mmea ulijibu kama unaowaadhibu: bakteria hao walizaliana kwa takriban nusu tu ya wale waliofanya kazi, na dalili zilionyesha kwamba mmea ulipunguza oksijeni iliyowafikia. Je, si oksijeni basi, badala ya malati au asidi amino, iliyo rungu la mmea? Jibu langu ni kwamba pingamizi hii inaliongezea dai langu shahidi. Oksijeni nayo husafirishwa. Tabaka za nje za kinundu hulegeza au kukaza njia yake kama utando wa ndani unavyofanya kwa malati. Nakubali kwamba katika adhabu za ghafla oksijeni ndiyo silaha ya haraka zaidi. Siwezi kukubali kwamba jambo hilo linaondoa umuhimu wa milango mingine, kwa kuwa bakteroidi mwenye oksijeni ya kutosha asiye na malati au molibdenamu hafungi chochote vilevile.

Pingamizi ya tatu ndiyo nzito zaidi kwetu sisi. Ushahidi mwingi niliouleta unatoka kwa Lotus, Medicago, klova na soya za maabara, si kwa maharage yaliyopandwa pamoja na mahindi kwenye mteremko wa Mbeya au Kakamega. Nusu ya pingamizi hii tayari ina jibu: kufungwa kwa mlango wa amoniamu kulionekana kwa bakteria wa maharage, na mlango wa ureidi uliowekwa kwenye soya ulitoka kwa maharage. Nusu ya pili naikubali bila kusita. Hatujui kwa undani unaotosha jinsi aina zetu za maharage na njugu mawe zinavyogawa fosforasi, chuma na molibdenamu kati ya kinundu na sehemu nyingine za mmea katika udongo wetu wenyewe, na kazi hiyo haitafanywa na mtu mwingine ila sisi. Pingamizi hii hainifanyi nilitilie shaka dai. Inanionyesha pa kupeleka wanafunzi.

Na udongo wetu una hoja yake. Sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na vilima vya Rwanda na Burundi ina udongo wenye asidi, ambamo oksidi za chuma na alumini hushika fosforasi na kuificha mizizi. Kinundu ni kiungo chenye uchu wa fosforasi, maana kila ATP ina fosforasi ndani yake na kiungo hiki hutumia ATP nyingi mno. Ndivyo ninavyoyasoma matokeo ya mradi wa N2Africa, ulioanza mwaka 2009 na kufanya kazi katika nchi nyingi za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Majaribio yake yaliweka unga wa bakteria unaopakwa kwenye mbegu sambamba na mbolea ya fosforasi, na yalionyesha kwamba mavuno hutofautiana sana kati ya shamba na shamba. Bakteria yule yule, mbegu ile ile, shamba moja linaitikia kwa kishindo na jirani yake halina habari. Tofauti hiyo mara nyingi huelezwa kwa mambo ya hali ya hewa au uzembe wa kutunza unga. Mambo hayo yapo. Ila mtu aliyefahamu kwamba bakteroidi ni mtegemezi wa fosforasi, salfa, molibdenamu na kaboni kutoka ng'ambo ya utando hawezi kushangaa kwamba mfuko wa bakteria haukutenda kitu kwenye udongo uliokosa viwili kati ya hivyo.

Eneo letu halijaanzia sifuri. Chuo Kikuu cha Nairobi kimefanya kazi ya bakteria wa mikunde kwa miongo mingi, na bidhaa ya bakteria hao iitwayo Biofix imekuwa ikiuzwa Kenya. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kiliwahi kuzalisha bidhaa kama hiyo, NitroSua. Fosfati ya Minjingu, mkoani Manyara, ni jiwe linaloyeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wenye asidi, yaani mahali hasa ambapo vinundu vyetu vinaumia. Bei ya mbolea ilipopaa duniani mwaka 2022, serikali za Tanzania na Kenya ziliweka ruzuku, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikwenda kwenye mbolea zenye naitrojeni. Sipingi ruzuku hiyo. Mahindi hayawezi kusubiri nadharia. Nasema tu kwamba kilo moja ya fosforasi iliyofika kinunduni mwa kunde inaweza kuvuta naitrojeni kutoka hewani ambayo haikulipiwa bandarini wala mpakani, na hesabu ya ruzuku isiyoona jambo hilo ni hesabu pungufu.

Wapo wanaotarajia kwamba siku moja mahindi na mtama vitaota vinundu vyake vyenyewe, na mradi wa utafiti uitwao ENSA umefanya kazi kwa lengo hilo. Natakia kazi hiyo heri. Lakini yaliyotangulia yanatuonyesha ukubwa wake. Kuhamisha jeni za kuota kinundu ni mwanzo. Baada ya hapo mahindi yatahitaji mlango wa malati wenye kasi ya kutosha, mfereji wa amoniamu, mlango wa salfati, wa chuma na wa molibdenamu, utoaji wa homositrati kwa bakteria wasioitengeneza, na njia ya kuibeba naitrojeni hadi kwenye gunzi. Kwa sasa, mikunde inayo yote hayo tayari. Ni busara kuisaidia ifanye vizuri kile inachokijua kabla ya kuyafundisha mahindi upya.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, yote yakiwa ndani ya uwezo wetu. Kwanza, kila mfuko wa bakteria unaouzwa kwa mkulima uandikwe wazi kwa Kiswahili asidi ya udongo na kiwango cha fosforasi ambacho chini yake hautafanya kazi, na afisa ugani afundishwe kuupima udongo kabla ya kuuza matumaini. Pili, maabara zetu za kilimo zianze kupima ureidi kwenye utomvu wa maharage, kunde na soya. David Herridge na wenzake nchini Australia waliijenga njia hiyo tangu miaka ya 1980. Inahitaji maji ya moto, kemikali chache na kipima rangi ambacho maabara nyingi za vyuo vyetu zinacho. Ureidi inayopanda shinani ni naitrojeni iliyokwisha kuvuka milango yote. Tukiipima hiyo, msimu hadi msimu na wilaya hadi wilaya, tutajua mashamba yepi yana bakteria wanaolala njaa na nini hasa kimewazuia kula.